"Cómprale la fruta a la vecina": ninunue kwa jirani au nimnunulie jirani?

Binti_Pangani (Valencia)

Habari zenu wapendwa, poleni na majukumu.

Naomba msaada wa Kihispania kwa mliokaa Hispania au nchi nyingine wanakokizungumza. Mimi nipo Valencia, namtunza bibi mmoja aliyevuka miaka 80. Miguu imechoka lakini akili ni nzima, na matunda ya supamaketi hayataki kabisa. Kila asubuhi ananipa orodha, nachukua kile kigari cha kuvuta ambacho wenyewe wanakiita carro de la compra, nateremka nacho hadi soko la Ruzafa.

Wiki hii alinituma hivi: "Cómprale la fruta a la vecina." La vecina ni jirani wa ghorofa ya pili, naye ana kizimba cha matunda pale sokoni, kwa hiyo maana yake ilikuwa nikanunue matunda kwa jirani. Jioni mjukuu wake akaja, bibi akaniambia: "Cómprale un helado al niño." Hapo maana yake ni nimnunulie mtoto aiskrimu.

Nimezitazama sentensi hizi mbili mpaka usiku. Umbo ni lilelile: cómprale, halafu kitu, halafu a, halafu mtu. Moja nanunua kwa mtu, nyingine namnunulia mtu. Kwetu hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Nikitumwa "mnunulie jirani matunda" na "nunua matunda kwa jirani", katika moja jirani anapewa matunda na katika nyingine anapewa pesa. Mwalimu wa darasa la jioni anasema "utaelewa kwa muktadha". Muktadha naujua, ndiyo maana niliweza kwenda sokoni. Ninachotaka kujua ni nini kinachoendelea ndani ya sentensi, na mimi nikitaka kusema lililo wazi niseme vipi.

La pili, bibi husema compra, katika daftari lake naona compre, rafiki yake akipiga simu nasikia no compres, na mwalimu anasoma compré. Nitazishikaje?

La tatu, kitabu changu kimejaa "quiero comprar manzanas", lakini pale Ruzafa sijasikia hata mtu mmoja akisema hivyo mbele ya meza ya matofaa.

Najiandaa kwa DELE A2, ule mtihani wa Instituto Cervantes unaotakiwa kwa wanaoomba uraia, na sehemu ya kusikiliza ina mazungumzo mengi ya dukani. Atakayejibu hata moja nitashukuru.

Kijana_wa_Kigamboni

Dada, comprar ni kitenzi chepesi, hakina ukorofi wowote. Wakati uliopo: compro, compras, compra, compramos, compráis, compran. Uliopita: compré, compraste, compró, compramos, comprasteis, compraron. Shika hayo, uwe unayaimba kila siku, mengine yatakuja yenyewe. "Kwa" na "-lia" usiumize kichwa, hata wao huwa wanaulizana.

Mama_Lavapiés (Madrid)

Mwanangu Binti Pangani, nimekaa Madrid miaka mingi, nafasiri kwa watu wetu wanapokwenda hospitali na kwenye ofisi za serikali. Jedwali la kijana wa Kigamboni ni sahihi, lakini jedwali halitakusaidia mbele ya bibi. Swali lako la kwanza ndilo lenye uzito, ngoja nikae nalo.

Ugumu uko kwenye hiyo le. Sisi wazungumzaji wa Kiswahili tukiiona le, mara moja tunaifananisha na -m- ya "nilimnunulia". Ukiiweka hivyo kichwani, kila "le compré" utaisikia "nilimnunulia", na nusu ya sentensi za sokoni zitakupotosha. Tazama neno letu lenyewe. Katika "nilimnunulia", anayebeba maana ya "kwa ajili yake" si -m-. Ni ile -li- ya kule nyuma: nunua, nunulia. Kiswahili kimekipa kitenzi kiungo maalumu cha kusema kwamba kazi hii inafanywa kwa faida ya mtu, na tumekizoea tangu utotoni, pikia, andikia, nunulia, kiasi kwamba hatukioni tena.

Kihispania hakina kiungo hicho. Comprar hubaki comprar. Le inasema jambo dogo tu: katika ununuzi huu kuna mtu mwingine ambaye jambo linamgusa. Linamgusa vipi? Haisemi. Huenda ndiye anayepokea kitu, huenda ndiye anayepokea pesa. Wenyewe wanalijua hili. Sentensi kama "Le compré el coche a Juan" hata vitabu vyao vya sarufi huitaja kuwa ina maana mbili, kwamba nilinunua gari kwa Juan au nilimnunulia Juan gari, na hakuna anayeiona kuwa ni Kihispania kibovu.

Basi wanajuaje? Kwa kumjua mtu aliyetajwa. "Le compré un helado al niño": mtoto hauzi aiskrimu, kwa hiyo ndiye aliyelamba. "Le compré un helado al heladero": muuza aiskrimu anauza, kwa hiyo ndiye aliyelipwa. Kitenzi hakijabadilika hata herufi moja, aliyebadilika ni mtu. Wewe ulifanya vivyo hivyo ulipomkumbuka jirani na kizimba chake. Kwa hiyo ukisikia "comprarle algo a alguien", usitafsiri papo hapo. Jiulize kwanza huyu mtu katika biashara hii amesimama upande gani wa meza.

Na ukitaka kusema wewe bila kuacha shaka, una njia mbili zinazotosha. Anayenunuliwa mpe para: "He comprado fruta para la vecina", hapo jirani anakula, haina mjadala. Anayeuza mtaje kwa mahali pake: "He comprado la fruta en el puesto de la vecina", kwenye kizimba cha jirani. Na wakiwapo wote wawili, sentensi inatoka safi sana: "Le he comprado la fruta a la vecina para mi madre." A la vecina ni muuzaji, para mi madre ni mlaji. Iandike mahali, maana ndani yake pande zote mbili za meza zina watu.

Usiwaonee huruma sana Wahispania, na sisi tuna kwetu. Sema "nilinunua kwa Juma kwa elfu mbili". Kwa ya kwanza ni ya mtu, kwa ya pili ni ya pesa, na hatujawahi kuona tabu. Kihispania hapo ndipo kinapotenganisha: a Juma, por dos mil. Kila lugha ina mahali inapobana na mahali inapoachia.

Kwa kuwa nimetaja bei, lipite na hili. Bei ya kitu kizima ni por: "Lo compré por veinte euros." Bei ya kipimo, kwa kilo au kwa kipande, ni a: "Las compré a dos euros el kilo." Ndiyo maana pale sokoni huulizwa "¿A cuánto están las naranjas?" au "¿A cómo están?", machungwa ni bei gani, na muuzaji anajibu kwa haraka "a uno ochenta", yaani yuro moja na senti 80 kwa kilo. Katika sehemu ya kusikiliza ya mtihani, hiyo a inasemwa chapuchapu na ndiyo inayokuambia kwamba unasikia bei ya kilo, si jumla ya malipo.

Bado kuna se. Bibi akikuuliza "¿Y la fruta?", huwezi kusema "le la he comprado". Le na la hazikai pamoja, le hugeuka se: "Se la he comprado a la vecina." Hii se haina uhusiano na ile ya "kujifanyia", ni le iliyobadili nguo kwa sababu jirani yake anaanza na l. Nimewaona watu wetu wenye Kihispania kizuri wakikwama hapa, wakaishia kurudia neno fruta mara tatu katika pumzi moja. Isemee jikoni unapokata vitunguu: se lo compré, se la compré, se los compré, se las compré.

Na ile ya kujinunulia ni hii: "Me he comprado unos zapatos." Kwetu "nimejinunulia viatu" ina uzito fulani, kama mtu anayetangaza kwamba hakununuliwa na mwingine. Kwao haina uzito huo. Mtu akinunua kitu chake mwenyewe, nguo, simu, tikiti, me huingia tu kwa kawaida. Usipoiweka hutakosea, ila ukiisikia usifikiri mtu anajisifu.

Sasa swali lako la pili, na hapa nina habari ya kukufurahisha. Tazama sisi tunavyoamrisha: nunua. Wao: compra. Mwisho ni a. Sisi tukikataza: usinunue. Wao: no compres. A imekuwa e. Anataka ninunue: quiere que compre. Anataka tununue: quiere que compremos. Anataka wanunue: quiere que compren. Pale Mswahili anapogeuza a ya mwisho kuwa e, kwa kutaka, kuomba au kukataza, hapo hapo Mhispania naye anaigeuza. Lugha hizi hazina undugu, imetokea tu, lakini wewe umezaliwa na desturi hiyo mdomoni. Mwingereza anaumia miezi na jambo hili. Wewe ukisikia compre, sikia ninunue au anunue.

Angalia mipaka yake. Inafaa vitenzi vya -ar tu. Vender, kuuza, ni kinyume: vende, halafu "quiere que venda". Na kwetu pia kubali na rudi havigeuki. Lakini kwa comprar, llevar, pagar, tomar, yaani karibu kila kinachofanyika sokoni, inafanya kazi. Pagar inaandikwa pague, hiyo u ni ya kulinda sauti ya g tu.

Compre ya daftari la bibi inaweza kuwa pia amri ya heshima, ya usted. Bibi kwako anasema compra kwa sababu anakuita tú, kama bibi kwa mjukuu. Wewe kwake ukibaki na usted hutapotea: "Compre usted con calma", nunua kwa utulivu. Na kwa kuwa upo Valencia, uliza kwanza kama daftari limeandikwa kwa Kihispania au kwa Kivalensia, maana katika Kivalensia "jo compre" ni "mimi nanunua". Wazee wengi wa huko huchanganya lugha zote mbili katika karatasi moja.

Compré ni jambo jingine, ni la mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu sikuzote, hatuna haja hata ya kufikiri. Kwa Kihispania mkazo ndio unaobeba mtu na wakati. Njoo Madrid upite Puerta del Sol, utakuta watu wamevaa vizibao vilivyoandikwa COMPRO ORO kwa herufi kubwa, "nanunua dhahabu", wakiwaelekeza wapita njia kwenye maduka yanayonunua vito vya zamani. Maduka hayo yalienea sana nchini baada ya mgogoro wa uchumi wa 2008, familia nyingi zilipouza pete na mikufu. Compro, mkazo mbele: mimi nanunua. Sogeza mkazo nyuma, compró: yeye alinunua. Herufi zilezile. Compre, anunue; compré, nilinunua. Sikio la Mswahili hupenda kuyarudisha yote mbele, ikawa kila aliyenunua jana ananunua leo. Mazoezi yake ni kuyasema kwa sauti, nyuma yavutwe kweli. Kusoma kimya hakutakufaa kitu.

Kwa nyakati: katika sehemu kubwa ya Hispania, ya leo husemwa "he comprado" na ya jana "compré". "Esta mañana he comprado pan", "ayer compré pan". Ya kila siku ya zamani ni compraba: "Mi abuela compraba en este puesto", bibi yangu alikuwa akinunua hapa. Compramos peke yake ni sasa au jana, neno lililo pembeni ndilo litakuambia.

La tatu, umesikia sawasawa, na kitabu chako kimekuonea. Hebu niambie, nyumbani ukienda genge unasema "nataka kununua nyanya"? Unasema nipimie, nipatie, naomba za elfu moja. Na wao ni hivyo. "Póngame un kilo de naranjas", niwekee kilo ya machungwa. "¿Me pone medio de fresas?", utaniwekea nusu kilo ya stroberi? "Quería dos lechugas", nilitaka saladi mbili, nalo ni la upole. Ukifika, kabla ya yote, uliza "¿Quién es la última?" au "¿Quién da la vez?", ujue unamfuata nani, maana foleni ya sokoni haionekani kwa macho, iko vichwani mwa watu, na anayeivuka huambiwa. Akimaliza kukuhudumia atauliza "¿Algo más?" Unajibu "nada más, gracias", halafu "¿Me cobra?" au "¿Qué le debo?", yaani unaomba kulipa. Utakuwa umenunua kapu zima na neno comprar halijatoka mdomoni.

Comprar huishi nyumbani, kabla na baada ya soko: nani anunue, umenunua nini, umenunua kwa nani. Ndiyo maana swali la le lina thamani kwako kuliko kwa mtalii, anayemaliza kila kitu kwa kunyoosha kidole. Na asubuhi ukitaka kumuuliza bibi "nikununulie nini leo?", sema "¿Qué le compro hoy?" Kwetu lazima e, kwao katika swali la namna hiyo ni wakati uliopo wa kawaida, compro. Na le hapo ni yeye mwenyewe bibi, kwa heshima.

Daktari_Nyanza

Mama Lavapiés ameeleza vizuri sana, nimejifunza hiyo ya a na e, nami nimesoma Kihispania mwaka mzima bila mtu kunionyesha. Niongeze ya upande wa pili wa bahari, kwa sababu mimi nilisomea udaktari Kuba.

Kwanza, hilo la "he comprado" kwa mambo ya leo kule halina nguvu hiyo. Kuba, kama sehemu kubwa ya Amerika ya Kihispania, asubuhi hiyohiyo mtu anakuuliza "¿Ya compraste el pan?" Compráis na comprasteis nazo hutazisikia, "ninyi" wote ni ustedes: compran, compraron. Kwa hiyo dada ukisikiliza sauti za mtihani, lafudhi za huko zipo pia, usishtuke.

Pili, Wakuba hulainisha s ya mwisho mpaka inapotea. Compras na compra zinakaribia kuwa neno moja. Wanachofanya ni kumtaja mtu waziwazi, "¿Qué tú compraste?", na tú yao wanaiweka kabla ya kitenzi, jambo ambalo mwalimu wa Valencia atalipiga mstari mwekundu. Kwa sikio langu ilikuwa nafuu, maana kwetu kiambishi cha mtu kwa kawaida hakidondoki: u-linunua nini?

Tatu, neno comprar lenyewe lina mipaka kule kwa sababu ya maisha yalivyo. Tangu 1962 kuna libreta de abastecimiento, kijitabu cha mgao, kila kaya ina chake, na duka la mgao huitwa bodega. Mchele, sukari, maharagwe, vilitoka kwa kijitabu kwa bei ndogo mno. Hivyo viliitwa los mandados. Kilichouzwa nje ya kijitabu ni por la libre. Kitu kikiletwa dukani husikii "wanauza kuku", unasikia "sacaron pollo", wametoa kuku, na mtaa mzima unajua la kufanya. Na mtu aliyehangaika siku nzima mpaka akapata dawa ya mtoto au kipuri cha baiskeli hasemi alikinunua hata kama alilipa. Anasema "lo resolví", nimelitatua. Nilipoanza kusema resolver badala ya comprar, wagonjwa wangu walianza kuniambia mambo ya nyumbani kwao, nikaelewa ni kwa nini mzee fulani hali nyama, na ni kwa nini vidonge vinakatwa nusu. Daktari anayeuliza "¿Compró la medicina?" anapata jibu la ndiyo au hapana. Anayeuliza "¿Pudo resolver la medicina?" anapata habari kamili.

Foleni nayo ni hiyohiyo aliyoisema Mama: unafika unapaza sauti "¿El último?", mtu anainua mkono, basi wewe ndiye wa mwisho mpya. Lakini waangalifu huuliza pia aliye mbele ya huyo, ili huyo akiondoka usipoteze nafasi yako. Lifanye na wewe hapo Ruzafa.

Binti_Pangani (Valencia)

Mungu awabariki jamani. Nimesoma mara kadhaa, nimeiandika ile ya meza na pande zake kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Kijana wa Kigamboni nawe ahsante, jedwali nimelibandika kwenye friji.

Nimetunga hizi, naomba mzipime:

"Le he comprado el queso al señor del puesto 12 para su hija." Nilitaka kusema nimenunua jibini kwa bwana wa kizimba namba 12, kwa ajili ya binti yake bibi.

"La señora quiere que compre pan y que no compre leche."

"Se las compré ayer a dos euros el kilo." Hizo ni nyanya.

Na jambo moja jipya. Bibi ameandika kwenye orodha: "jamón, cuarto y mitad". Cuarto naijua ni robo, mitad ni nusu. Robo na nusu si robo tatu? Lakini mwenye duka la nyama alinipimia kidogo kuliko nilivyotarajia, na bibi hakulalamika, aliridhika kabisa.

Mama_Lavapiés (Madrid)

Ya pili safi kabisa, e zote mbili zimekaa mahali pake. Ya tatu sahihi, ila ukiisema peke yake hatujui se ni nani. Kama hajatajwa bado, mtaje: "Se las compré ayer a la vecina." Kama jirani mmeshamzungumzia, iache ilivyo.

Ya kwanza imesimama vizuri kwa sarufi, lakini "su hija" inaweza kuwa binti wa bwana wa jibini. Ukiwa unaongea na bibi uso kwa uso, sema "para la hija de usted", ama mtaje binti kwa jina lake, ndivyo watakavyofanya wao wenyewe.

Cuarto y mitad ni kipimo cha kale cha dukani ambacho vijana wengi wa hapa hawakitumii tena, na nafurahi bibi yako bado anacho. Mitad hapo si nusu ya kilo, ni nusu ya hiyo robo. Gramu 250, kisha nusu yake 125, jumla 375. Hutumika kwa nyama, jibini na vitu vya kukatwa vipande. Ukifika sema hivyohivyo: "Póngame cuarto y mitad de jamón, por favor", na akikuuliza "¿Cómo lo quiere?", anataka kujua unene wa vipande. Kwa mzee mwenye meno dhaifu jibu ni "muy finito", vyembamba sana.